Tanuru Kongwe la Winchcombe

Katika kijiji cha Greet, karibu na mji mdogo wa Winchcombe, Gloucestershire, kuna tanuru la matofali lenye umbo la chupa ambalo linastahili heshima kuliko majumba mengi ya kifahari ya Uingereza.

Kiwanda cha zamani cha ufinyanzi cha hapo kilifungwa mwaka 1914. Mwaka 1926 Michael Cardew, mwanafunzi wa mfinyanzi Bernard Leach, alikifufua. Alimrudisha kazini Elijah Comfort, fundi mkongwe wa kiwanda kile kile, kisha mwaka 1927 akamchukua Sidney Tustin, kijana wa miaka 14. Hivyo ujuzi wa mikono ya wazee haukuzikwa nao.

Kuchoma vyombo kulidai subira. Mitungi na mabakuli ya udongo mwekundu yalipangwa ndani, mlango ukazibwa kwa matofali, moto ukakokwa chini kuzunguka ukuta. Miali ilipanda katikati ya vyombo ikatokea juu, joto likipita nyuzi 1,000. Upande mmoja ungeweza kuiva, mwingine ukabaki mbichi. Cardew alipoteza vyombo vingi, lakini hakukata tamaa.

Mfinyanzi Ray Finch alikabidhiwa uongozi wa kiwanda mwaka 1939, na tanuru likawashwa mara ya mwisho mwaka 1954.

Cardew baadaye alianzisha kituo cha ufinyanzi Abuja ya wakati huo (leo Suleja), Nigeria, alikong'ara mfinyanzi Ladi Kwali. Magdalene Odundo, mfinyanzi mashuhuri mzaliwa wa Nairobi, alikwenda kujifunza huko kwa ushauri wa Cardew. Kama tanuru hili la Winchcombe, matanuru ya wafinyanzi wetu nayo yanastahili kuhifadhiwa.