Bakuli ya Baga Bila Mkate: Rahisi Kwa Nani?



Kuna chakula kimoja ambacho kinapita kila siku kwenye simu zetu: bakuli ya baga bila mkate. Mmekiona. Chini kuna saladi ya kijani, juu yake nyama ya kusaga iliyokaangwa, tomati, kitunguu, matango madogo ya siki, fromaji ya rangi ya machungwa, na sosi ya pinki imemiminwa juu ya vyote. Chini ya picha wanaandika kwamba ni chakula rahisi cha jioni ya siku ya kazi: dakika 20, kikaango kimoja, umemaliza.

Leo nataka tuyasome haya mapishi kama vile tunavyosoma kitabu ama kuangalia filamu: yanasema nini, yanafanya nini vizuri, yanaficha nini. Juu mapishi nayo ni andiko. Aliyeyaandika alikuwa anafikiria nyumba fulani, na kuna nyumba zingine ambazo hakuziona hata kidogo.

Neno langu naliweka mbele, ili asiyekubali ajue mapema. Wazo la kutoa mkate ni zuri kwetu, lakini sababu wanayotupatia haituhusu sana. Na lile neno "rahisi" njo lenye shida kubwa.

Kwanza sifa

Aliyewaza hiki chakula alijiuliza swali la maana: utamu wa baga unakaa wapi? Haukai ndani ya mkate. Mkate wa baga ni laini, una sukari kidogo, na kazi yake kubwa ni kushika vitu vingine ili mtu ale bila sahani na bila uma. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walifungua mkahawa wao San Bernardino, California, mwaka 1940. Mwaka 1948 waliupanga upya: wakapunguza vyakula kwenye orodha, wakaondoa sahani na uma, wakaanza kufunga chakula ndani ya karatasi. Sahani ikitoka, mkate njo unakuwa sahani. Sasa mtu akiwa nyumbani, ameketi, ana bakuli na kijiko, mkate umebaki bila kazi. Ni hesabu safi kabisa.

Hata sosi wameielewa. Ile ya pinki inaiga sosi ya Big Mac, baga ambayo Jim Delligatti aliianzisha Pennsylvania mwaka 1967, na mwaka uliofuata ikauzwa Marekani nzima. Mayonezi, kechapu, mutardi, matango ya siki yaliyokatwa madogo: mafuta, utamu, ukali na uchachu kwenye kijiko kimoja. Sosi kama hiyo inaunganisha vitu ambavyo peke yao havina hadithi.

Na kwa nyama, walio waangalifu wanatoa fundisho ambalo linafaa kila jiko. Kikaango kiwe moto sana, nyama isijazwe nyingi, usiikoroge mapema. Nyama ikirundikwa inatoa maji, na ikitoa maji inachemka tu badala ya kukaangika. Iache dakika kadhaa mpaka upande wa chini uwe wa kahawia, halafu geuza. Ile rangi njo ladha yenyewe.

Mkate ulikosa nini?

Sasa tuulize: kwa nini walitoa mkate? Mara nyingi jibu ni woga wa wanga. Ule woga una historia. Mwaka 1972 daktari mmoja wa moyo huko Marekani, Robert Atkins, alichapisha kitabu kilichowaambia watu wapunguze sana mkate, viazi na sukari, wale nyama na mafuta. Tangu hapo wazo hilo limerudi mara nyingi na majina mapya.

Wacha tufanye hesabu kidogo. Mkate wa baga wa kawaida una kama kilokalori 120 mpaka 150. Kijiko kimoja kikubwa cha mayonezi kina kama 90 mpaka 100. Kwa hiyo vijiko viwili vya mayonezi tayari vimerudisha mkate wote, na vimeongeza kitu juu. Halafu unaweka fromaji. Picha inaonyesha majani ya kijani, macho yanaona wepesi, lakini tumbo linahesabu mengine. Mtu anayetafuta kupunguza uzito kwa njia hii amefukuza mgeni mlangoni na kumwingiza kwa dirisha.

Kuna wasomaji ambao simcheki hata mmoja wao: wale wenye ugonjwa wa sukari, ama wenye mzazi anao. Kwao kupunguza wanga kwenye sahani ni jambo la kweli la kuzungumza na daktari, na bakuli kama hii inaweza kuwafaa. Lakini kwa kijana mwenye afya, aliyetoka kazini ama aliyezunguka mchana wote akiweka barua za kuomba kazi, wanga si adui. Wanga njo chakula cha jioni. Bukari, viazi vitamu, ndizi, maharagi: hivyo njo vinamlaza mtu akiwa ameshiba. Mapishi yaliandikwa mahali ambapo mkate ni wa ziada. Ukiyahamisha kama yalivyo mpaka kwenye chumba cha kupanga cha Kadutu ama Kasha, unatoa kile kinachoshibisha na unabakiza kile cha bei kali.

Urahisi unakaa ndani ya nyumba

Hapa njo nakataa kabisa. "Rahisi, dakika 20." Dakika 20 kuanzia wapi?

Wanahesabu kuanzia pale moto umeshawaka. Kwa yule wa Marekani hiyo ni sawa, anazungusha kitufe. Kwa mwenye mbabula, makala peke yake yanakula robo saa kabla ya kikaango kupata moto, na umeme tunajua unavyokuja na kuondoka. Wanahesabu nyama iliyokwisha kusagwa, imefungwa, imelala ndani ya frigo. Wanahesabu saladi iliyokwisha kuoshwa kiwandani. Ile kazi haikupotea. Imefanywa na watu wengine, na mashine zingine, kabla ya mpishi kuingia jikoni. Yeye amenunua saa za wengine.

Sisi tuliosoma agronomia tunaujua huu ugonjwa vizuri. Inakuja karatasi ya maelekezo ya kulima: mbegu hii, mbolea hii, maji mara mbili kwa juma, mavuno haya. Mkulima hana mbolea, hana maji, mavuno hayafiki, halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba mkulima ni mgumu kubadilika. Kumbe karatasi njo ilikuwa ngumu. Iliandikwa kwa shamba lingine. Mapishi ya bakuli ni karatasi ya namna hiyo: yanakuambia nini cha kufanya, na hayakuambii vitu gani lazima viwe vimekwisha kuwa tayari.

Kuna na jambo la usalama, na hapa sichezi. Kipande kizima cha nyama, vijidudu vinakaa zaidi upande wa nje, moto unavikuta. Ukiisaga, kile kilichokuwa nje kinaingia ndani. Mwaka 1993, upande wa magharibi wa Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua kwa sababu ya baga zisizoiva vizuri, na watoto wanne wakafa. Wataalamu wa kule wanataka nyama ya kusaga ifike nyuzi 71 ndani. Sisi hatuna kipimo jikoni, kwa hiyo kanuni ni hii: nunua asubuhi ama mchana, saga ama katakata siku hiyo hiyo, ipike mpaka isibaki na wekundu wowote, usilaze mbichi mpaka kesho kama huna frigo.

Saladi nayo. Karibu yote ni maji, jua la saa chache linaimaliza. Tena inaliwa mbichi, na bustani nyingi za mjini zinamwagiliwa maji ya mifereji ambayo sote tunajua yanapita wapi. Jani ambalo halipiti motoni linataka maji safi mengi ya kuosha. Mahali maji safi yanabebwa kwa kidumu, jani hilo si la haraka tena.

Sababu yetu wenyewe ya kutoa mkate

Pamoja na hayo yote, siyatupi haya mapishi. Ninayatetea kwa sababu ambayo wenyewe hawakuiwaza.

Mkate wetu si wetu. Kongo inalima ngano kidogo sana, na karibu ngano yote ya mikate tunayonunua asubuhi inatoka nje. Vita ya Ukraine ilipopanuka mwezi wa pili 2022, bei ya ngano ilipanda duniani, na hata mtu asiyejua Ukraine iko wapi aliguswa. Kwa hiyo chakula cha jioni kinachosimama bila mkate ni chakula kinachosimama juu ya udongo wetu. Wao walitoa mkate juu ya kiuno. Sisi tuutoe juu ya shamba.

Lakini basi pale mkate ulipokuwa, lazima tuweke kitu. Naona hivi, kwa watu wanne.

Chini ya bakuli weka viazi vitamu vilivyochemshwa, na kama unapata vile vya rangi ya machungwa ndani, chagua hivyo, juu vina karotini ambayo mwili unageuza kuwa vitamini A. Vipike pamoja na maharagi ya mchana ama usiku wa jana ukipanga mapema. Maharagi si kitu cha kudharau: kituo cha INERA cha Mulungu, hapa Kabare, kimefanya kazi miaka mingi juu ya mbegu zake.

Nyama, badala ya nusu kilo, chukua gramu 250. Ikate kwa kisu mpaka iwe ndogo sana, hakuna haja ya mashine. Kaanga na kitunguu mpaka iwe kahawia na iive kabisa, halafu tia vikombe viwili vya maharagi yaliyoiva, uyapondeponde ndani ya kikaango yanywe yale mafuta ya nyama. Nyama inakuwa kiungo, maharagi yanabeba uzito. Na si ujanja wa umaskini tu: hata nyama kidogo inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo ndani ya maharagi.

Badala ya saladi, shu. Inakaa siku nyingi bila frigo. Toa majani ya nje, osha, kata nyembamba, mwagia maji yanayochemka kwa muda mfupi, chuja, tia chumvi na ndimu. Ule uchachu unachukua nafasi ya matango ya siki, na vitamini C yake nayo inasaidia ile chuma ya maharagi.

Sosi, ponda avoka moja kubwa na ndimu, chumvi, kitunguu kidogo na pilipili. Hapa kwetu msimu ukifika avoka zinaoza sokoni, halafu tunanunua kichupa cha mafuta kilichovuka bahari. Na mafuta ya avoka yana kazi: karotini ya viazi inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Mwenye uwezo aongeze kipande kidogo cha fromaji ya Masisi, kama barabara imeruhusu ifike na bei haijakimbia.

Hiyo haichukui dakika 20. Kama maharagi na viazi vimeiva mapema, inachukua kama nusu saa na makala, na kazi yake yote mwanaume mwenye lisansi anaweza kuifanya bila kumwita dada yake.

Je, bado ni baga?

Mtu ataniambia: hiyo umetengeneza sahani ya maharagi, si baga. Ana haki. Ukitoa mkate, ukapunguza nyama, ukatoa fromaji ya machungwa, jina halina mahali pa kushika. Nasema jina tuwaachie. Tulichochukua ni mawazo matatu ambayo ni ya kila mtu: nyama ikaangwe kweli, kuwe na kitu kichachu, kuwe na sosi inayounganisha.

Hilo njo linanihangaisha kuhusu picha hizi, kuliko kilokalori. Kijana anapata feza yake ya kwanza ya mwezi, anataka jioni moja ajisikie amefika. Hakuna ubaya. Lakini nusu kilo ya nyama, mayonezi, kechapu na fromaji kwa jioni moja, hiyo feza ilikuwa maharagi na unga vya siku nyingi. Halafu kwa sababu saladi imenyauka na picha haikufanana, anaona mwenye kosa ni yeye, jiko lake, mji wake. Mapishi mabaya si yale yasiyo na ladha tu. Ni yale yanayomfanya mpishi aone haya juu ya nyumba yake.

Kesho jioni, kabla hujanunua kichupa cha mayonezi, uliza mama wa sokoni shu ni bei gani.