Kuta Mbili za Seli Yenye Njaa
Mvua zikikaribia kuisha, mkulima wa jadi wa Ufipa, nchini Tanzania, huinua nyasi na mizizi yake kwa jembe, huzikusanya pamoja, kisha huzifunika kwa udongo hadi ziwe tuta la mviringo. Juu hupanda maharage. Chini nyasi huoza, na msimu unaofuata tuta husambazwa na kupandwa ulezi. Ninachokistahi hapo ni ule ufunikaji: nyasi zilizoachwa juani hukauka tu.

Usiku, tumbo likiwa tupu, seli za ini la mkulima huyo nazo hufunika vilivyochakaa ili vimeng'enywe. Kazi hiyo ni otofaji. Mwaka 1992 Yoshinori Ohsumi wa Japani aliionyesha kwenye hamira aliyoinyima chakula. Alichagua hamira yenye upungufu wa vimeng'enya vya kusaga protini, ili vifuko vinavyobeba vilivyochakaa visisagwe bali virundikane hadi hadubini ya kawaida ivione. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Nobeli mwaka 2016.

Seli haina ghala la kuta za utando zilizo tayari kwa vifuko hivyo. Virutubisho vikipungua, protini ya TOR, ambayo wakati wa shibe huzuia kazi hii, hunyamaza. Vifuko vingine vidogo, vyenye protini ya ATG9, hukutana karibu na retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli, navyo huanzisha utando mpya. Hapo huingia ATG2, protini ndefu inayojinyoosha kati ya retikulamu na utando huo mchanga. Lipidi, mafuta yanayounda utando, hupitia kwenye ATG2 kwenda upande wa pili, nazo ATG9 huzigawa kwenye tabaka zote mbili ili utando ukue sawasawa. Ustadi huu hunishangaza kila ninapoufikiria: ukuta unajengwa wakati wa njaa, kwa mali inayohamishwa kidogo kidogo.

Utando hujipinda kuuzunguka mzigo, labda mitokondria iliyochoka, na protini za LC3 zilizofungwa kwenye lipidi zake husaidia kuushika. Kingo hukaribiana, tundu la mwisho huzibwa. Kwa dakika 10 hivi kifuko chenye kuta mbili kimekamilika, upana wake ukiwa takribani sehemu moja ya elfu ya milimita.

Ukuta wa nje huungana na lisosomu, kifuko cha seli chenye vimeng'enya. Ule wa ndani, uliojengwa kwa uangalifu wote huo, humeng'enywa pamoja na mzigo. Asidi za amino hurudi kwenye seli. Zikitosha, TOR huamka na kusimamisha ujenzi.