Sulisuli Alinaswa Kabla ya Mrusho

Anayetazama picha za uvuvi wa chambo cha manyoya hudhani kazi yote imo mkononi mwa mrushaji: fimbo inapinda, mshipi mnene wa rangi unajikunja hewani, manyoya yanatua majini. Mtoni huenda ikawa hivyo. Nje ya mwamba wa Watamu, siku klabu moja ya wavuvi ilipotoka kwa boti kutafuta sulisuli, mrushaji ndiye aliyekuwa na kazi ndogo kuliko wote. Waliomleta samaki ni baharia aliyeshika kamba isiyo na ndoana, na nahodha aliyejua wakati wa kutoa gia.

Kaskazi ilikuwa imekwisha kushika. Kati ya Novemba na Machi sulisuli husogea karibu na pwani ya Watamu na Malindi, na nahodha hakwenda kubahatisha katikati ya maji matupu. Mto Sabaki humwaga tope lake baharini kaskazini ya mji wa Malindi, na panapokutana maji ya kahawia na ya buluu pana mpaka unaoonekana kwa macho. Dagaa hujibanza hapo, ndege huwarukia kutoka juu, na sulisuli huja chini yao. Boti ilifuata mpaka huo kwa mwendo wa maili 6 au 7 za baharini kwa saa, ikirambaza vivutio.

Ndiyo siri yenyewe. Mrusho wa mita 12 hauna maana katika bahari pana kiasi hicho, kwa hiyo samaki lazima aitwe hadi tezini. Kivutio ni plastiki yenye rangi kali, nyuma yake kimeshonewa kipande cha tumbo la samaki, na hakina ndoana hata moja. Njia hii si mpya: Webster Robinson, daktari wa Kimarekani, aliitumia kule Panama mwaka 1962 kumpata sulisuli kwa chambo cha manyoya, na tangu hapo waliofuata wamebadilisha vifaa zaidi kuliko mbinu.

Pezi jeusi lilipotokea nyuma ya kivutio cha kushoto, vivutio vingine vilitolewa majini upesi ili samaki asiwe na pa kuchagua. Kilichobaki kikawa mchezo wa baharia mmoja. Samaki alikipiga kwa mdomo wake mrefu, akakishika, akanyang'anywa. Akarudi, akaonja tena, akanyang'anywa tena, kama mtoto anayepokonywa andazi mdomoni. Kila mara alisogea karibu zaidi na boti, na ubavu wake ukazidi kung'aa michirizi ya buluu. Kipimo hapa ni kigumu. Ukimvuta kwa kasi mno anakata tamaa na kuzama. Ukimwachia mno anakishika barabara, anagundua ni plastiki, na hasira yake imekwisha. Baharia huyu alimwachia aonje nyama, basi. Sijui shule inayofundisha mkono wa namna hiyo.

Mita 10 hivi kutoka tezini, nahodha akatoa gia. Watu wengi hudharau hatua hii, ilhali ina kazi mbili. Kwanza, kanuni za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, haziruhusu manyoya yakokotwe na boti inayokwenda: gia lazima iwe imetoka wakati chambo kinapopelekwa kwa samaki na kinaporudishwa. Pili, rafadha ikisimama povu hutawanyika, na samaki aliyekuwa akikimbiza kitu ndani ya povu anabaki kwenye maji meupe, akitafuta. Baharia akang'oa kivutio majini kwa mkupuo mmoja. Hapo tu ndipo mrushaji akarusha.

Alikuwa amesimama kona ya kushoto ya tezi. Anayetumia mkono wa kulia, akigeukia nyuma, mkono wake unakuwa nje ya chombo, na ndoana haipiti juu ya vichwa vya wenzake. Manyoya, marefu kama kiganja na vidole, yenye kichwa cha sponji kinachopiga maji kwa kelele, yalitua nyuma kidogo ya samaki, ubavuni. Hilo lilikusudiwa. Sulisuli akija moja kwa moja kuelekea boti, ndoana huteleza kwenye mfupa wa mdomo na kutoka. Akilazimika kugeuka ili aje kula, mshipi unavutwa kutoka pembeni na ndoana inaingia kwenye kona ya taya. Mrushaji hakuinua fimbo juu. Aliielekeza kwa samaki na kuvuta mshipi kwa mkono wa kushoto, mara mbili, kwa nguvu.

Mapambano sitayarefusha. Sehemu dhaifu ya uzi, kwa kanuni hizohizo, haizidi kilo 10, na mshipi mnene wenyewe ukivutwa majini huongeza mzigo, kwa hiyo breki ya rili ililegezwa, na kila samaki aliporuka fimbo ilishushwa ili uzi usikazike. Ubavuni mwa boti alitiwa alama ya plastiki mgongoni, ya Wakfu wa African Billfish Foundation wa hapohapo Watamu, kisha akashikwa mdomo huku boti ikienda polepole mpaka maji yakapita vizuri kwenye matamvua, akaachiwa.

Wa pili alikuja mchana, mkubwa zaidi, na alikula manyoya vizuri kuliko wa kwanza. Ila gia ilichelewa. Mrusho ulitua boti ingali inasukumwa na rafadha, na ingawa samaki aliletwa, akatiwa alama na kuachiwa salama, mshika daftari wa klabu alimwandika upande wa samaki waliowekwa alama tu. Kwenye safu ya chambo cha manyoya aliandika 1.