Python ya ramani: wanatufundishaka kuchora, kupima wanatuachia wenyewe

Bandugu, nimepitia masomo mengi ya kuanza Python kwa kazi za ramani, ya Kifaransa na ya Kiingereza, na nina neno nayo. Karibu yote yanafanana: weka GeoPandas, fungua faili ya nchi za dunia ao ya mitaa ya New York, andika plot(), ramani inatokea na rangi zake, hongera, umejua!

Kwanza, mengi yamechakaa. Ile faili ya nchi za dunia iliyokuwa ndani ya GeoPandas iliondolewa kwenye toleo la 1.0, mwaka 2024. Anayeanza leo anakwama mstari wa pili, anafikiri yeye ndiye mjinga.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba huku kwetu Kolwezi kupima ndiyo kazi yenyewe. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 25 kule Kasulo. Ukiuliza eneo lake wakati data ingali katika digrii za GPS, Python inakujibu karibu 4.1e-08. Inatoa onyo, ndiyo, lakini haisimami. Hizo ni digrii za mraba, na hakuna mutu anayelipwa fidia kwa digrii. Dawa ni mstari mmoja: to_crs(32735), yaani UTM kanda ya 35 kusini, inayoshika Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Hapo mita zako za mraba 500 zinarudi. Mstari huo ungekuwa somo la kwanza. Masomo mengi yanauweka mwishoni, kama chumvi ya kuongeza mezani.

Kuna jambo lingine ambalo New York haitakufundisha. Sheria yetu ya migodi inahesabu eneo kwa kare, sekunde 30 kwa sekunde 30, na kila kare inaandikwa hekta 84.955, karibu 85. Pima kare moja ya Kolwezi kwa UTM: utapata karibu 84. Python haijakosea. Mistari ya longitudo inakaribiana ukitoka ikweta, na sheria imechagua namba moja kwa nchi nzima. Asiyejua hilo atabishana bure, ao atanyamaza mahali pa kusema.

Na kunyamaza kuna bei. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta, familia zikahamishwa. Siku kama hizo, mwenye kusoma namba za karatasi na kuzihakiki mwenyewe ana faida kwa jirani zake.

Sisemi kuchora ni bure. Rangi zinatia moyo. Lakini wewe unayeanza, acha New York. Pakua data ya OpenStreetMap ya mtaa wako, pima uwanja wa mpira, kisha uende kuuhakiki kwa miguu. Namba zikikubaliana, hapo ndipo umeanza.