Mkato na Vishazi: Kanuni Tuliyoiazima Nusu

Nimepata kuonyeshwa barua iliyopelekwa kwa kikundi cha wakulima wa mahindi, hapa Songea, yenye sentensi hii: "Malipo hayakusimamishwa kwa sababu wakulima walilalamika." Baadhi ya wanakikundi walifahamu kwamba malipo yanaendelea, na kwamba malalamiko yao ndiyo yaliyoyaokoa. Wengine walifahamu kwamba malipo yamekwisha kusimamishwa, ila sababu yake ni nyingine, wala si malalamiko. Wote walisoma sawasawa. Rasimu ilikuwa na mkato kabla ya "kwa sababu". Mhakiki akaufuta, kwa hoja kwamba kishazi tegemezi kinachofuata kishazi huru hakitengwi.

Kanuni hiyo haikutoka katika Kiswahili. Ni ya Kiingereza, kama inavyofundishwa madarasani: kishazi tegemezi kikitangulia, mkato hukifuata, kikija nyuma, mkato hauwekwi, na vishazi huru viwili vikiungwa kwa kiunganishi, mkato hukaa kabla ya kiunganishi. Lakini Waingereza wenyewe huikiuka kanuni ya pili pale kauli ya kukanusha inapofuatwa na sababu, kwa kuwa utata ule ule huwakuta wao pia. Vitabu vya shule aghalabu hulipita jambo hili. Basi sisi tumeazima kanuni, tukauacha nyuma udhuru wake.

Msemaji hana shida hii, maana sauti yake hutua panapostahili. Mwandishi hana sauti. Ana mkato tu. Kwa maoni yangu, anayekusudia maana ya kwanza na auweke mkato bila kuogopa: "Malipo hayakusimamishwa, kwa sababu wakulima walilalamika." Anayekusudia maana ya pili asidhani kwamba kuuondoa mkato kunatosha. Huyo hana budi kuijenga sentensi upya: "Malipo yalisimamishwa, lakini si kwa sababu wakulima walilalamika."

Upande wa pili wa jambo hili wawahusu walimu. Kiswahili huweza kuunga vishazi pasipo kiunganishi chochote: "Mvua ilinyesha, mto ukafurika." Kazi ya kuunga imefanywa na "-ka-" iliyomo ndani ya kitenzi, na mkato unatosha. Mwanafunzi akiandika vivyo hivyo kwa Kiingereza huwekewa alama nyekundu, kwani huko mkato peke yake hauruhusiwi kuunga vishazi huru viwili. Hutakiwa kiunganishi au nukta mkato. Mwalimu asimwite mzembe. Mtoto ameitii sarufi ya lugha yake, na akielezwa hivyo atajirekebisha upesi zaidi. Wafasiri nao hukosea kwa kwenda kinyume: kila penye kiunganishi cha Kiingereza hubandika "na", hata kama "-ka-" ipo. "Mvua ilinyesha na mto ukafurika" si kosa, bali kurasa kumi za namna hiyo humchosha msomaji.

Asiyeamini uzito wa alama hii na atazame kesi ya Canada. Kampuni za Rogers na Aliant zilikuwa na mkataba wa matumizi ya nguzo. Ulieleza kwamba utadumu miaka mitano, na baada ya hapo kwa vipindi vya miaka mitano mitano, isipokuwa ukivunjwa kwa taarifa ya mwaka mmoja. Mwaka 2006 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliamua kwamba mkato uliotangulia "isipokuwa" unakifanya kishazi hicho kihusu sentensi nzima. Kwa hiyo mkataba uliweza kuvunjwa hata ndani ya miaka mitano ya kwanza. Mwaka 2007 tume iligeuza uamuzi wake, baada ya kuisoma nakala ya Kifaransa, ambayo haikuwa na utata.

Kwetu, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tazama basi sentensi kama hii: "Mwanachama atalipwa mwezi Juni na atarudishiwa nauli kama amewasilisha stakabadhi." Je, asiye na stakabadhi atakosa nauli tu, au na malipo pia? Mkato kabla ya "kama" huelekeza kwenye jibu la pili, lakini singemshauri mfasiri yeyote aitundike haki ya mtu juu ya alama ndogo kiasi hicho. Na aandike: "Mwanachama atalipwa mwezi Juni. Akiwasilisha stakabadhi, atarudishiwa nauli pia."

Limebaki jina. Wengine husema "koma", wengine "mkato". Mimi napendelea "mkato", maana "koma" kwa Kiswahili ni kufikia mwisho, na alama hii haikomeshi kitu.