Kaa Wengi, Kazi Kidogo

Maji yakipwa kwenye mikoko ya Mikindani, karibu na Changamwe, tope huonekana kama linatembea. Ni kaa wadogo, kila dume na gando lake moja kubwa. Ukiwaona walivyojaa, utasema hori ya Tudor, ambako mikoko hii imo, ina afya. Vipimo vinasema vingine.

Maji taka ya mitaani hupita katikati ya mikoko hiyo bila kusafishwa. Kuyapima kwa chupa peke yake hakutoshi, kwa kuwa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku: maji yaliyochotwa saa tatu hayapo tena saa tisa. Lakini kiumbe akaaye topeni huyapokea yote, mazuri na mabaya, mwezi baada ya mwezi. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima kaa na konokono wa Mikindani, ukawalinganisha na wa Gazi, Kwale, ambako maji taka ya mji hayafiki. Bila Gazi, hesabu ya Mikindani isingekuwa na maana.

Kwa uzito, kaa wa penye maji taka walizidi. Tondo, yule konokono mrefu wa matopeni, alipungua vibaya. Aliyepima kaa tu angesifu. Aliyepima tondo tu angelia.

Mwaka 2011 utafiti mwingine wa mikoko ya Kenya uliuliza swali la ndani zaidi: kaa hawa wanafanya kazi gani? Kaa huchimba shimo, na akila huchuja tope na kuacha vidonge. Tope hilo ndilo lililopimwa. Msitu wa kando ya mji, wenye maji taka, ulikuwa na kaa wengi zaidi, lakini tope walilogeuza lilikuwa kidogo kuliko la msitu safi. Yaelekea uchafu huwaletea chakula tele, wakashiba bila kuhangaika. Nayo mizizi ya mikoko hufaidi tope linapogeuzwa na kupata hewa.

Basi hori zetu, Tudor, Port Reitz na Mtwapa, zipimwe kwa mambo matatu: nani yupo, nani ametoweka, na aliyebaki anafanya nini. Mraba wa fito wa kuhesabia viumbe ndani yake, mizani na subira ya maji kupwa vinatosha kuanzia. Vikundi vinavyopanda mikoko tayari vinashinda topeni. Vifundishwe kupima pia, kwani msitu unaweza kudhoofika huku umejaa uhai.