Tahakiki ya Urahisi wa Matumizi ya Programu za Kumsaidia Daktari wa Familia Kufanya Uamuzi

Utafiti wa Eccles na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la BMJ, ulijaribu miongozo ya kompyuta kuhusu pumu na angina kwa watu wazima katika vituo 60 vya madaktari wa familia kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Matokeo ni bayana: programu haikuleta tofauti ya maana katika matibabu, na matumizi yake yalikuwa haba.

Hoja ya tahakiki hii ni kwamba matokeo hayo hayathibitishi udhaifu wa miongozo yenyewe. Dawa isiyomezwa haiwezi kuhukumiwa kuwa haiponyi. Rousseau na wenzake (2003), waliowahoji watumiaji wa mfumo huo, wanabainisha vikwazo vitatu: wakati mwongozo unapojitokeza kwenye skrini, ugumu wa kuutumia, na uchache wa manufaa ya maudhui yake. Kikwazo cha kwanza ndicho kizito. Mwongozo unaojitokeza daktari anapofungua faili, kabla hajamsikiliza mgonjwa, hujibu swali ambalo halijaulizwa.

Hata hivyo, mahojiano hueleza mitazamo. Hayapimi muda uliopotea wala hatua alizolazimika kupitia daktari. Aidha, hayathibitishi kwamba programu iliyo rahisi ingeboresha tiba. Kwa hiyo, urahisi wa matumizi sharti upimwe kwanza, katika chumba cha daktari, ndipo jaribio la kitabibu lifuate. Vinginevyo, mtafiti atapima athari ya kitu ambacho hakikutumika.